Uniti 75 ni za mita au za familia?

Nimepewa dakika chache niongelee teknolojia na haki za wananchi. Mimi naenda moja kwa moja kwenye LUKU.

Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani, yule wa D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka afikishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Hapo bado kodi na tozo. Nia ni nzuri: kumpunguzia mzigo mwenye kipato kidogo. Lakini huyo wa mjini ana mita yake peke yake? Wapi! Amepanga chumba.

Kwetu tuko familia nne, LUKU moja. Kila mwezi ni ugomvi: fulani ana friji, fulani anapiga pasi kila siku. Tukasema jamani, tupime. Tukachukua Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, tukaiunganishia sensa ya mwanga. Sensa tukaibandika kwa solotepu nyeusi mbele ya kile kitaa cha mita kinachopepesa. Waya hatugusi, sili hatuvunji. Mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kitaa kikipepesa mara 1,000, uniti moja imeliwa. Programu fupi ya Python inahesabu, inaandika kila dakika, halafu inachora grafu.

Friji inaonekana kama meno ya msumeno, inawaka inazima usiku kucha. Pasi inapanda kama mnara, lakini baada ya dakika 15 imeshuka. Tukazima chumba kimoja kimoja tuone tofauti. Kila familia inakula kama uniti 30 kwa mwezi, basi.

Sasa pigeni hesabu. Kila familia ingekuwa na mita yake, ingelipa 3,000. Wote wanne 12,000. Kwa mita moja tunakula uniti 120: 75 za kwanza ni 7,500, na 45 zilizobaki ni 15,750. Jumla 23,250. Karibu mara mbili, kwa umeme uleule! Na mita ikihamishiwa T1, kwa shilingi 292 kila uniti, inafika 35,040.

Kwa hiyo mwenye friji tumuache. Tatizo ni kanuni inayohesabu mita, haihesabu familia.

Ombi langu: kila tawi lichague nyumba tatu za wapangaji, lipime mwezi mzima. Asiye na kompyuta achukue daftari, asome mita asubuhi na jioni. EWURA hupokea maoni ya wananchi kabla ya kupanga bei mpya. Siku hiyo twende na grafu zetu mkononi, kama wakala anavyotoka kituoni na nakala ya fomu ya matokeo.

Tawi gani linaanza?