Fidia Ililipwa kwa Nani?



Katika Torati ya Musa, mwaka wa 50 ulikuwa mwaka wa Yubile. Baragumu lake lilipigwa Siku ya Upatanisho, na mtumwa alirudi kwa jamaa zake. Kwa hiyo imetupasa sisi makatekista, katika Yubile hii, kunena machache juu ya ukombozi wetu.

Neno hili twalijua. Kukomboa ni kutoa mali ili kilichowekwa rehani kirudi, au aliye kifungoni awe huru. Tangu mwaka 1868, huko Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walitoa fedha wakakomboa watumwa, hasa watoto. Basi wakatekumeni hutuuliza: “Mwenye mtumwa alipokea fedha. Je, damu ya Bwana wetu ililipwa kwa nani?”

Swali hili si la kitoto. Origen wa Aleksandria, katika karne ya 3, alifundisha ya kwamba fidia alipewa Shetani. Gregory wa Nazianzus, katika karne ya 4, alikataa: mnyang’anyi hana haki ya kulipwa; wala si Baba aliyetushika mateka. Anselm, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimaliza mwaka 1098 kitabu juu ya sababu ya Mungu kuwa mtu. Alisema, dhambi ni kumnyima Mungu heshima iliyo haki yake. Mwenye deni ni mwanadamu, naye hana cha kulipa. Awezaye kulipa ni Mungu peke yake. Kwa hiyo alikuja mmoja aliye Mungu kweli na mtu kweli. Abelard, aliyekufa mwaka 1142, alikaza zaidi upendo ule wa msalaba uwashao upendo mioyoni mwetu.

Basi mfano wa soko tusiupitishe mpaka wake. Fedha ya wale Mapadre haikuifanya biashara ile kuwa halali. Ilionyesha thamani ya mtoto yule machoni pa aliyemkomboa. Ndivyo ulivyo msalaba. Wala tusifundishe ya kuwa Mwana alimtuliza Baba kama mtu amtulizaye mfalme mkali. Maana Baba mwenyewe ndiye aliyemtuma, kwa kuwa alitupenda.

Ndugu zetu, sasa tuseme lililo zito. Kati yetu wamo ambao mababu zao walikombolewa, na wamo ambao mababu zao waliuza wenzao. Hata leo, ukitokea ugomvi wa shamba, au ikiletwa posa ya binti, watu hunong’ona: “Wale ni kizazi cha watumwa.” Anenaye hivyo, kisha akaikaribia meza ya Bwana, amesema kwa kinywa chake ya kuwa fidia haikutosha. Mtume Paulo aliwafundisha Waefeso ya kwamba msalaba uliwapatanisha Wayahudi na mataifa, si na Mungu tu, bali wao kwa wao. Apataye amani na Mungu, akamnyima jirani yake, ameshika nusu ya Injili.

Kwa hiyo twawasihi: kabla ya kuketi karamuni, kila mwenye neno la namna hiyo na mwenzake amwendee, amwite ndugu mbele ya watu. Baragumu la Yubile ndilo hilo.

Mungu awabariki nyote. Amina.