Kabla Hujapaua

Leo nina maneno na mtu mmoja tu: yule ambaye boma lake limefika renta, na mwezi huu au ujao anakwenda kununua bati. Wapo wengi siku hizi. Ukifika Usagara, nyoosha kwenda Misungwi mjini, au kata kulia kwenda Kigongo, ambako tangu Juni 2025 Daraja la JPM limepageuza pa kusubiri kivuko kuwa pa kupita tu. Kote utaona tofali za kuchoma, nondo zinazochungulia angani, na ule mwandiko wa rangi nyekundu ukutani: "Haiuzwi".

Tuseme kibali cha ujenzi unacho. Halmashauri imepitia ramani yako, imetazama mipaka, umbali wa nyumba na barabara, na shimo la choo litachimbwa wapi. Ni haki yao kuuliza, na asiye na kibali akakitafute. Ila katika safari nzima ya kibali, hakuna atakayekuuliza: vyumba vya kulala vitakuwa na joto gani saa tatu usiku? Hapo umeachiwa mwenyewe, na wewe mara nyingi unamwachia fundi.

Misungwi tuko chini kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la saa sita linasimama karibu sawasawa na utosi. Maana yake, kinachopigwa na jua kuliko kuta zote ni paa. Ingia nyumba ya bati isiyo na dari saa nane mchana, usimame katikati ya chumba bila kofia: utosi utasikia joto kabla ya mwili mwingine. Si hewa ya chumbani inayokuchoma, ni lile bati linalokumwagia moto kutoka juu. Unaweza kujenga ukuta mnene upendavyo, kama paa umeliacha hivyo, umelipia tofali bure.

Sasa hivi mtindo unaotamba ni nyumba ya kuficha bati. Ukuta unapandishwa juu, paa linalala ndani halionekani, na nyumba inatoka kama kasha la viatu. Mimi sikatazi mtu kupendeza. Lakini mtindo huo umeondoa kile alichokuwa nacho hata babu yetu wa Kisukuma kwenye msonge wake: paa lililotoka nje ya ukuta likautia kivuli. Dirisha sasa limebaki uchi, jua linaingia hadi kitandani, mvua ya masika inachapa plasta. Ukipaua kwa mtindo wa kawaida, mwambie fundi kenchi zitoke nje ya ukuta walau futi mbili na nusu. Bati chukua la rangi nyepesi, si ile ya mkaa ambayo kila mtu anaitaka. Chini ya bati laza ile karatasi yenye uso wa kung'aa kama fedha, kisha piga dari. Na kati ya dari na bati acha matundu ya hewa yenye wavu, pande mbili zinazotazamana, maana joto lililofungiwa juu ya dari litashuka tu usiku.

Nasikia mtu anasema: umeme si upo? Bwawa la Nyerere lina mitambo 9 na megawati 2,115, nitaweka feni. Umeme upo, na LUKU nayo ipo. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ukiweka kodi na tozo inafika kama 122. Ukizoea kuvuka 75 unahamishiwa kundi la shilingi 292, ambayo mkononi inakuwa kama 356, na huilipi kwa zile uniti za ziada peke yake, unailipa kwa zote.

Chukua kalamu. Feni ya wati 60 ikizunguka kwa saa 10 kila usiku inakula uniti 0.6. Vyumba vitatu, feni tatu, mwezi mzima: uniti 54. Friji dogo likila uniti moja kwa siku, hizo ni 30 nyingine. Jumla 84, na bado hujawasha taa wala hujapiga pasi. Uniti 75 za bei ya chini ni shilingi 9,150. Uniti 84 za bei ya juu ni karibu 30,000. Tofauti hiyo ya elfu ishirini na ushei utailipa kila mwezi, mwaka hadi mwaka, kwa sababu ya uamuzi uliofanyika mchana mmoja dukani mbele ya bati.

Kuna hesabu nyingine isiyosomwa kwenye mita: ya mbu na malaria. Ni wilaya hii hii ya Misungwi ambako watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), walifanya majaribio ya vyandarua vya dawa mbili. Matokeo yalitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2022, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua vyenye dawa ya klofenapiri. Dunia imejifunza kutoka kwetu. Lakini chandarua, hata kiwe cha dawa gani, kinamlinda aliyelala ndani yake, na mtoto anayetokwa jasho saa nne usiku anakisukuma kwa miguu. Kule Magoda, wilayani Muheza, zilijengwa nyumba 6 za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa na wavu wa kuzuia mbu. Ndani joto lilipungua kwa zaidi ya nyuzi 2, na mbu wakapungua vibaya sana, hasa kwenye zile za ghorofa. Nyumba moja imetibu mambo mawili.

Madirisha, basi. Haya ya alumini ya kusukuma ni mazuri kwa vumbi, lakini ukilifungua lote linafunguka nusu. Ukiweka na wavu wa mbu, hewa inayoingia ni kidogo mno. Kama pesa inaruhusu, chukua yanayofunguka yote, na kila chumba cha kulala kipate upenyo wa pili, hata kama ni tundu juu ya mlango.

Mwenye kiwanja kitupu, usiondoke, yako ni haya. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Shinyanga inashuka kuelekea kusini, kwa hiyo nyumba inayoitazama barabara inatazama mawio au machweo. Jua la kaskazini na la kusini huwa juu, upenu mfupi unalizuia. La saa kumi jioni linaingia kwa ubavu, na hilo halizuiwi na upenu, linataka baraza pana au mwembe. Upande huo huo wa magharibi ndiko liliko ziwa, na mchana upepo hutoka huko, kwa hiyo usiuzibe kwa ukuta mtupu, utie kivuli. Nenda kiwanjani jioni kabla fundi hajavuta kamba. Sebule na mlango wa mbele vitazame barabara ukitaka, wageni waone. Vyumba vya kulala vipeleke mashariki.