Mizani ya Mama Haishikwi na Mkono Mmoja



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, mama zetu na dada zetu, tumekusanyika jioni hii tukingoja adhana ya magharibi. Hapa Uingereza, Ramadhani imerudi kwenye baridi. Mchana ni mfupi, nasi twamshukuru Mola kwa wepesi huo. Lakini magharibi yaingia kabla ya saa kumi na mbili, wakati mama anayefanya kazi bado yumo ndani ya basi, mkononi ana tende moja na chupa ya maji, na nyumbani watu wanalitazama jiko.

Usiku wa juzi, baada ya tarawehe, dada mmoja alitujia na suala. Kazi yake ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Akitoka kazini huwapeleka watoto shule, hulala saa chache, kisha huamka kupika futari. Mumewe ni mtu mwema, naye pia anafanya kazi. Ila yeye akirudi, hupumzika. Dada akasema: “Shekhe, wenzangu wanakhitimu Kurani, nami juzuu moja sijaimaliza. Je, mimi nina Ramadhani kweli?”

Tulimjibu kwamba kutafuta halali kwa nia njema ni ibada, kumhudumia mzee asiyejiweza ni rehema, na kumfuturisha aliyefunga kuna ujira wake. Yote ni kweli. Akashukuru, akaenda zake. Lakini tulipofika nyumbani jibu letu lilitusumbua. Tulimuusia subira mtu ambaye subira anayo tayari, wala hatukumpunguzia hata sufuria moja. Ndipo tukaona suala lile tulilete mbele yenu, kwa sababu jibu lake liko kwetu sote.

Tutazame Madina ilivyokuwa. Bi Asma binti Abubakar (R.A.), katika hadithi aliyoipokea Bukhari, anasimulia maisha yake na mumewe Zubeir. Hawakuwa na mali. Alimlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi, na akabeba kokwa za tende kichwani mwendo wa theluthi mbili za farsakhi, yaani zaidi ya kilomita 3. Unga alikanda, lakini kuoka mkate hakujua vizuri. Basi majirani zake, wanawake wa Kiansari, wakamwokea. Kisha baba yake akampelekea mtumishi wa kumwangalia farasi, naye akahisi kana kwamba ameachwa huru. Bi Asma hakuambiwa ajifunze kupanga wakati wake. Jirani alioka mkate, mzazi akaleta msaada.

Na Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliingia katika sala akikusudia kuirefusha, akisikia mtoto analia, akaifupisha, kwa kujua uchungu unaompata mama yake. Jamaa nzima ilifupishiwa sala kwa ajili ya mama mmoja. Sisi leo, mtoto akilia msikitini, shingo zinageuka, na mama haonekani tena mpaka Idi.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, mafakihi wameeleza kwamba kupika na kufua si wajibu unaomlazimu mke kwa akdi ya ndoa; akifanya, ni hisani yake. Wapo wanazuoni waliosema vingine, na ada za watu zina nafasi yake. Ama matumizi ya nyumba ni juu ya mume, na mshahara wa mke ni mali yake. Zainab, mke wa Ibn Mas'ud (R.A.), alipouliza kuhusu kumpa sadaka mumewe na mayatima aliowalea, alibashiriwa thawabu mbili: ya udugu na ya sadaka. Basi apewaye sadaka na ashukuru, asidai.

Nasi hatusemi haya kama watu waliosalimika. Mwaka mmoja mama watoto wetu alitoka kazini akaweka mezani sambusa za dukani. Tukauliza: mbona si za kukunja nyumbani? Hakujibu. Kesho yake aliamka saa nzima kabla ya daku, akakunja. Tulizila, na mpaka leo twaona haya kuukumbuka utamu wake.

Kwetu, Mombasa, Lamu, Tanga au Unguja, mama alikuwa na bibi, na shangazi, na jirani aliyebisha hodi na sahani ya kaimati iliyofunikwa kawa. Tulipopanda ndege tulibeba mapishi, hatukubeba majirani. Basi jumuiya hii na iwe ndiyo jirani.

Kwanza, enyi akina baba: Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na sala ikifika hutoka kwenda kusali. Tuanze na futari ya kesho: chakula kimoja, mikono yetu. Pili, tupange zamu za futari na za kuwachukua watoto shuleni, na chumba cha nyuma kiwe cha watoto wakati wa tarawehe, wakiangaliwa na baba kwa zamu. Tatu, tuelimishane haki zetu. Tangu Aprili 2024, mfanyakazi hapa England, Wales na Scotland anaweza kuomba kubadilishiwa saa zake tangu siku ya kwanza ya ajira. Mwajiri halazimiki kukubali, ila lazima alizingatie ombi lake. Asiyejua kuandika barua hiyo na aje, tuiandike pamoja.

Na wewe dada yetu uliyeuliza: Ramadhani unayo. Ila tulikuwa tumekuachia uibebe peke yako, na kwa hilo twakuomba radhi.

Ewe Mola, zipokee saumu zetu, wape mama zetu afya na mapumziko, na ututie huruma majumbani mwetu. Amin.

Wabillahi taufiki. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.