VIGAWE VYOMBO VYAKO UNGALI HAI

(Maneno ya mwanachama mstaafu, fundi wa matrekta, aliyoyasema mbele ya mkutano wa tawi mjini Kitale. Wenzetu wa Bungoma wameomba yachapwe ili wayasome.)



Nimeombwa niseme juu ya kustaafu. Habari za fedha watawaeleza wengine wanaozijua kuliko mimi. Mimi nataka kusema juu ya sanduku. Kila fundi aliyefanya kazi miaka mingi ana sanduku lake la vyombo, na siku ya kuondoka hapana budi sanduku hilo liende mahali.

Nimetengeneza matrekta na mashine za kuvunia hapa Trans Nzoia kwa muda wa miaka 36. Nilipomaliza, nilikuwa nimepanga vyumba viwili, na kimoja kilijaa vyuma. Kwetu ni Kimilili, upande wa Bungoma. Mke wangu aliitazama shehena ile akaniuliza, "Mzee, vyote hivi vitalala wapi?" Sikuwa na jibu.

Lakini nilikuwa na hofu, na sababu yake ni hii. Mwenzangu mmoja, fundi hodari, alistaafu kabla yangu, akavipeleka vyombo vyake nyumbani, akavifungia stoo. Alisema atavigawa baadaye. Kijana aliyejifunza kwake miaka minne alikuwa ameahidiwa spana zote. Mwenzangu akafa. Baada ya mazishi wazee waliketi kama desturi, madeni yakatajwa, ng'ombe wakatajwa, shamba likatajwa. Spana hazikutajwa. Mwezi uliofuata akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Watoto wakauza vyombo vya miaka 30 kwa kilo.

Siwalaumu watoto wale. Kwao ulikuwa mzigo wenye kutu. Hawakuweza kuitambua spana njema kati ya chuma kibovu, kwa kuwa baba yao hakuwaonyesha. Yule kijana ni fundi leo, na mpaka leo huazima spana kwa jirani. Ahadi yake ilijulikana na watu wawili tu, na mmoja wao yuko kaburini.

Ndugu zangu, chombo kisichotajwa jina la wa kukipokea, wala kazi yake, huwa ni chuma tu. Hilo ndilo neno langu la leo. Sasa nitawaeleza nilivyofanya.

Kwanza, nilitenga vitu visivyo vyangu. Kila kitu cha mwajiri nilikirudisha, na nikataka hati yenye sahihi kwamba kimepokelewa. Msione haya kuomba hati hiyo. Miaka 36 ya uaminifu yaweza kuharibiwa na jeki moja isiyojulikana iliko.

Pili, vyombo vyenyewe. Nilivitandaza uani vyote, nikajiuliza juu ya kila kimoja: ni nani atakayekitumia wiki ijayo? Sikuuliza ni nani ninayempenda. Mpwa wangu nampenda sana, nami nilimpa jiliwa langu zito. Hana meza ya kazi. Nilipokwenda kumtembelea nilikuta jiliwa linazuia mlango usipigwe na upepo. Kosa hilo lilikuwa langu.

Baada ya hapo nikawa mwangalifu. Nilikuwa na spana za namna mbili, za inchi na za milimita. Mafundi mnajua: Massey Ferguson 135 ya zamani yataka za inchi, na matrekta ya siku hizi yataka za milimita. Ukilazimisha isiyokuwa yake, hula pembe za nati. Basi za inchi nilimpa mzee mwenzangu ambaye bado anatengeneza matrekta ya zamani ya wakulima. Za milimita nilimpa binti mmoja aliyesoma ufundi chuoni, naye amefungua banda lake karibu na Kamukuywa. Alikuwa na nyundo, koleo na bisibisi mbili tu.

Binti huyo nilimpa pia spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Sikumpa hivi hivi. Tuliketi tangu asubuhi hata adhuhuri, nikamwonyesha kwamba baada ya kazi lazima irudishwe kwenye kipimo cha chini kabisa, la sivyo siku moja itamdanganya. Akasema, "Baba, hili hawakutufundisha." Basi siku ile nilitoa vitu viwili, chombo na maarifa yake, na ninyi fanyeni hivyo.

Vitabu vya sehemu za injini nilivipeleka kwenye chuo cha ufundi. Lakini kwanza ulizeni kama wanavihitaji. Msiwatupie takataka mkaziita zawadi.

Tatu, karatasi. Hapa nawasihi msiwe na haraka ya kuwasha moto. Hati ya utumishi, stakabadhi za mshahara, kadi ya NSSF, hivyo havigawiwi. Wekeni pamoja katika mfuko mmoja, na mke au mume ajue ulipo. Mjane mmoja alikuja kwangu akiambiwa kwamba miaka kadhaa ya mumewe haionekani katika hesabu. Stakabadhi zilizothibitisha miaka hiyo zilipatikana chini ya boksi la magazeti ya kuwashia jiko. Na vitabu vya mikutano na mapatano ya chama ni mali ya tawi. Virudisheni ofisini.

Hapa Kitale sote twalijua jumba la makumbusho. Lilianzishwa mwaka 1926 na Kanali Hugh Stoneham, Mwingereza aliyekusanya wadudu, wanyama na vitabu maisha yake yote. Alifariki mwaka 1966, lakini alikuwa ameandika wasia kwamba vitu vyake viwe vya nchi ya Kenya, na akaacha fedha za kujengea nyumba. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1974. Alikuwa mtu wa mali, na sisi tuna sanduku tu. Lakini fikirini: mdudu mkavu asiye na maandishi ya mahali alipokamatwa na tarehe yake ana faida gani kwa msomi? Ni kama spana ya marehemu yule.

Sheria nayo yatuonya. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yakubali wasia wa mdomo ikiwa umesemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji akafa katika miezi mitatu. Ikipita miezi hiyo, maneno yale hayana nguvu. Wa maandishi nao wataka mashahidi wawili. Lakini kitu ulichokwisha kumkabidhi mtu mkononi mwake, watoto wakiona, hakiulizwi tena.

Mtaniuliza kama mimi nimebaki mikono mitupu. Hapana. Nimebaki na nyundo moja, tupa moja, na spana niliyonunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Hiyo siitumii, naitazama tu. Lakini hata hiyo nimemwambia mjukuu wangu, mbele ya mama yake, kwamba ni yake.

Wiki iliyopita nilipita Kamukuywa. Trekta lilikuwa limefunguliwa injini, na binti yule yuko chini yake. Spana zangu zilikuwa zimepangwa juu ya gunia, safi, kila moja mahali pake. Sikumwita. Nilisimama kidogo nikaenda zangu.