Watoto wa Fort Lee na Barua ya Mstari Mmoja
(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo)



Juma lililopita mama mmoja wa darasa la jioni aliniuliza: "Mwalimu, hizi barua fupi tunazojifunza, zitatufaa nini mbele ya wakubwa?" Leo namjibu kwa habari ya kweli kutoka Marekani.

Katika jimbo la New Jersey upo mji mdogo uitwao Fort Lee. Kando yake lipo daraja kubwa la kuvukia mto Hudson kwenda New York, lililofunguliwa mwaka 1931. Asubuhi watu wa mji ule walikuwa wametengewa njia 3 za kufikia vibanda vya ushuru wa daraja.

Basi Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2013, siku ya kwanza ya shule, watu wakakuta njia 2 zimefungwa. Imebaki moja! Hata polisi wa mji hawakuarifiwa. Magari yakajaa mpaka barabara za ndani. Mabasi ya shule yakakwama na watoto ndani. Magari ya wagonjwa nayo yakachelewa.

Siku ya pili Meya, Mark Sokolich, akapeleka ujumbe kwa mkubwa mmoja wa mamlaka ya daraja, Bill Baroni. Akaeleza kuwa shida kubwa ni kuwafikisha watoto shule, akaomba msaada. Kimya. Tarehe 12 akaandika barua, akasema anaona kama mji wake unaadhibiwa. Kesho yake, mkurugenzi mtendaji wa mamlaka, Patrick Foye, akaamuru njia zifunguliwe. Wakubwa wengine wakadai walikuwa wanapima tu mwendo wa magari.

Kumbe siasa! Mwaka ule Gavana Chris Christie aligombea tena. Wasaidizi wake walitaka mameya wa chama kingine wamuunge mkono, na Sokolich hakumuunga mkono.

Januari 2014 barua za siri zikatoka magazetini. Msaidizi wa gavana, Bridget Kelly, aliandika tangu Agosti mstari mmoja tu: wakati umefika wa kuleta shida ya magari Fort Lee. David Wildstein, mtu wao ndani ya mamlaka, akajibu kwamba amepata. Mabasi yalipokwama, Kelly akaandika kuwa anawahurumia watoto, nadhani kwa shingo upande. Wildstein akajibu kwamba hao ni watoto wa wapiga kura wa mpinzani. Jamani! Mtoto wa darasa la kwanza ana kura gani?

Kelly na Baroni walitiwa hatiani mwaka 2016. Lakini Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta hukumu. Majaji wote walikubaliana kuwa madaraka yalitumiwa vibaya, ila shabaha haikuwa kujipatia fedha wala mali, na sheria waliyoshtakiwa nayo ilihusu hayo. Gavana alikana kujua, wala hakushtakiwa.

Wengine watasema meya hakupata kitu. Mimi sikubali. Njia zilifunguliwa, na malalamiko yake yapo mpaka leo, tena yana tarehe.

Haya. Jioni hii tunaandika barua ya kuomba matuta barabarani mbele ya shule yetu. Kila mmoja aje na kalamu na karatasi 2. Ya pili ni ya nakala, nayo tutaitunza sisi.