«To» ya Hiari, «The» ya Lazima: Kalamu Nyekundu katika Insha za Kiingereza

Mada kwa semina ya walimu wa Kiingereza wa shule za sekondari

1. Utangulizi

Washiriki hawahitaji kukumbushwa kwamba «to» hutangulia kitenzi kisichobeba nafsi wala njeo, au kwamba «a» na «an» huenda na nomino isiyojulikana ilhali «the» huenda na inayojulikana. Hayo yamo katika vitabu vya kiada. Mada hii inahusu madaftari yanayosubiri kusahihishwa.

2. «To»

Hapa kazi ni ndogo. Baada ya «help», mwandishi ana hiari: «She helped me carry the water» na «She helped me to carry the water» zote ni sahihi, ingawa Wamarekani hupendelea zaidi ile ya kwanza. «Make» haina hiari hiyo. Husemwa «They made us wait», lakini katika kauli ya kutendwa «to» hurudi: «We were made to wait». Mswahili asishangae. Naye husema «ameenda» au «amekwenda» apendavyo, ila hathubutu kusema «amela».

3. Vibainishi

Mgogoro wa miaka yote uko hapa. «Mwalimu amekuja» huweza kuwa mwalimu yeyote au yule wa jana. Anayetaka kubainisha husema «yule mwalimu», au hutia kiambishi cha mtendwa: «nimekisoma kitabu». Basi mwanafunzi anayetoka kwenye «Mjomba ni mwalimu» huandika «My uncle is teacher».

Dawa anayopewa ni moja: kitu kikitajwa mara ya kwanza tumia «a», mara ya pili «the». Inafaa kwa hadithi ya sungura na fisi. Lakini mwalimu huyohuyo huingia darasani na kusema «Close the door», mlango ambao hakuna aliyeutaja! «The» imekuja kwa sababu wote waliomo wanaujua mlango wenyewe.

«An» nayo hufundishwa kwa herufi badala ya sauti, ndipo watoto wanapoandika «an university» na «a hour».

Linaloudhi zaidi ni hili. Mwanafunzi anaandika «My mother was taken to hospital», na kalamu nyekundu inachomeka «the». Katika Kiingereza cha Uingereza sentensi hiyo haina kosa: mama amepelekwa kutibiwa. Wamarekani ndio husema «to the hospital» kwa kawaida. Mstari wa pili unasema «The doctor gave her an advice», na kalamu inapita bila kugusa, ingawa «advice» haihesabiki.

4. Mapendekezo

Bila kuingilia mamlaka ya wanaoandaa miongozo ya kusahihisha, inapendekezwa kwamba:

(i) mwongozo utenganishe kosa na hiari;
(ii) «to» baada ya «help» isikatiwe alama, iwepo isiwepo;
(iii) kanuni ya «mara ya kwanza, mara ya pili» ifundishwe kama hatua ya kuanzia tu;
(iv) «a» na «an» zifundishwe kwa sikio;
(v) nomino zisizohesabika, kama «advice», «information» na «furniture», zifundishwe pamoja na vibainishi;
(vi) «to hospital» na «to the hospital» zote zikubaliwe pale maana inaporuhusu;
(vii) wasahihishaji wapitie insha chache kwa pamoja kabla ya kugawana madaftari;
(viii) kama ilivyoelezwa katika (i), hiari isihesabiwe kosa.