Wastani Unaotupoteza: Modeli za Hisabati na Maji ya Dodoma



Naomba nianzie Kongwa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, aje na wenzake wawili kuchunguza kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine katika Afrika Mashariki. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka kwenye ndege, wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3. Kongwa ikawa mahali pa kuanzia. Mvua zikagoma, udongo ukakauka ukawa mgumu kama sakafu huku karanga zikiwa bado chini, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Kuzidisha ekari kwa mavuno kila mtu anaweza. Walichokosa ni kumbukumbu za mvua za miaka mingi za mahali penyewe walipokusudia kulima.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu kosa lile bado liko kwenye meza zetu. Mhandisi anayesanifu bwawa, mwanaikolojia anayehesabu mifugo inayoweza kulishwa na malisho, mtakwimu anayekadiria mavuno ya uwele: wote hupewa tarakimu ile ile, kwamba Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Wanaiingiza kwenye mlinganyo, na jibu linatoka. Hoja yangu leo ni kwamba katika nyanda hizi za kati, modeli inayoanza na wastani imeshapotea kabla ya kukokotoa chochote. Tuanze na kigeugeu cha mvua, na wastani tuufikie baadaye kama utahitajika.

Mfano wetu bora uko kilomita ishirini na kitu kaskazini mwa mji huu, kwenye visima vya Makutupora. Kwa miongo mingi Dodoma imekunywa kutoka hapo. Lakini Makutupora ina hazina nyingine ambayo wengi wetu tunaipita bila kuitazama: vipimo vya kina cha maji ya ardhini vilivyoandikwa tangu katikati ya miaka ya 1950. Kumbukumbu za urefu huo ni chache mno Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London, pamoja na wenzake wakiwemo Watanzania, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change uchambuzi wa vipimo hivyo vya miaka 55. Walichokiona ni hiki: maji ya ardhini hayajazwi kidogo kidogo kila kifuku. Yanajazwa katika misimu michache yenye mvua kubwa isiyo ya kawaida, mara nyingi ile ya El Niño, kama msimu wa 1997/98. Katikati ya misimu hiyo kina kinashuka mwaka baada ya mwaka, hata pale mkulima anaposema mvua ilikuwa nzuri.

Hapo ndipo hisabati inapofanya kazi ambayo macho peke yake hayawezi. Tuchukue mfano wa kubuni, wa kufundishia tu. Tuseme udongo na mimea huchukua milimita 600 za kwanza za msimu, na katika kila milimita inayozidi hapo, sehemu moja ya tano hufika kwenye maji ya ardhini. Mahali panapopata milimita 550 kila mwaka hapajazi chochote, milele. Sasa chukueni mahali pengine ambapo mwaka mmoja hunyesha 350 na mwaka unaofuata 750. Wastani ni ule ule, 550. Lakini mwaka wa 750 unaacha milimita 30 ardhini. Sehemu mbili zenye wastani mmoja: moja ina kisima, nyingine ni kavu. Wanahisabati wanajua kwa nini. Uhusiano wenye kizingiti hauko kwenye mstari ulionyooka, na ukiuwekea wastani wa mvua haukupi wastani wa maji.

Nawaomba walimu wenzangu waufundishe mfano huu mapema, kabla ya kuwazoesha wanafunzi kuchora mstari ulionyooka katikati ya nukta. Nimeona wanafunzi wazuri wakipiga mstari kati ya mvua ya mwaka na kina cha kisima, wakapata uhusiano dhaifu, wakahitimisha kwamba mvua haihusiki sana. Data zao zilikuwa sahihi. Umbo la modeli ndilo lililowapoteza.

Na umbo hilo hatulipati kitabuni. Utafiti uliofuata Makutupora umeonyesha kuwa maji mengi huzama kupitia mchanga wa mito ya msimu, hasa Kinyasungwe Ndogo, siku zile mto unapokuwa umeshuka na maji. Kwa hiyo kigezo cha kuingiza kwenye mlinganyo ni zaidi ya milimita za msimu: ni siku ambazo mto ulitiririka. Hesabu ya siku hizo haihitaji setilaiti. Inahitaji mtu anayeishi karibu na korongo, daftari na kalamu.

Niende kwenye upande wa mahitaji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Kwa modeli rahisi kuliko zote ya ongezeko, hiyo ni zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, na watu wanaongezeka maradufu kila baada ya takriban miaka 11. Sidai kwamba mwendo huo utadumu. Sehemu ya ongezeko ilitokana na wizara kuhamia hapa baada ya 2016, na wizara hazihamii mara mbili. Hata hivyo lazima mambo haya mawili yawekwe pamoja: mahitaji yanayopanda kila mwaka, na kisima kinachojazwa kwa bahati.

Tuipime bahati hiyo. Tuseme, tena kwa mfano, kwamba msimu wa kujaza huja kwa uwezekano wa moja katika saba, na kila mwaka unajitegemea. Wengi watasema: basi tujipange kwa miaka saba. Lakini uwezekano wa miaka kumi mfululizo kupita bila msimu huo ni sita ya saba ikizidishwa yenyewe mara kumi, yaani takriban asilimia 21. Moja katika tano! Hakuna mhandisi ambaye angekubali daraja lenye uwezekano wa moja katika tano wa kuanguka. Jiji linalojipanga kwa miaka saba linakubali hatari kubwa kuliko hiyo bila kujua, kwa sababu tu hakuna aliyeifanya hesabu hiyo kwa sauti.

Bwawa la Mtera nalipitia kwa ufupi, maana wahandisi mnalijua kuliko mimi. Mlinganyo wake ni wa mtoto wa sekondari: yanayoingia, kutoa yanayoachiwa, kutoa yanayovukizwa, ndiyo mabadiliko ya akiba. Ugumu uko kwenye uvukizi. Bwawa lile ni pana na kina chake ni kifupi. Likijaa linafunika takriban kilomita za mraba 600, na kina cha kutumika kiko kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kila milimita moja inayovukizwa juu ya eneo hilo ni mita za ujazo 600,000. Anayekosea kipimo cha uvukizi kwa milimita moja tu kwa siku anapoteza hesabu ya maji mengi kuliko anavyodhani.

Wanaikolojia nao wana mzizi wao hapa hapa. Huko Mpwapwa, katika miaka ya 1930, yaliwekwa majaribio ya mmomonyoko ambayo ni miongoni mwa ya kwanza Afrika. Penye udongo mtupu karibu nusu ya mvua ilitiririka na kupotea; penye nyasi ilipotea asilimia chache tu. Miaka 40 baadaye mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa. Uamuzi ule ulikuwa mchungu kwa wafugaji. Leo tunaweza kuuliza kwa modeli kitu ambacho wakati ule hakikuulizwa vya kutosha: ni ng'ombe wangapi, katika mwaka upi, malisho yanaweza kubeba? Idadi moja kwa miaka yote ni wastani ule ule ukiwa umevaa ngozi ya ng'ombe. Mkulima wa Kigogo anayegawa mbegu zake kati ya mbuga na shamba la kichanga, ili mvua ikizidi huku apate kule, ameshaijua nadharia ya hatari bila kuandika alama hata moja. Modeli zetu zianze kwa kumsikiliza.

Nina ombi moja kwa semina hii. Katika shule, misheni, vituo vya reli na ofisi za kilimo za mkoa huu kuna madaftari ya mvua yaliyoandikwa kwa mkono, mengine yanaliwa na mchwa. Kila mmoja wetu atakayerudi kazini wiki ijayo aulize daftari hilo liko wapi, alipige picha ukurasa kwa ukurasa, na alilete chuoni. Na kipimamvua kilicho karibu naye, ahakikishe kesho saa tatu asubuhi kuna mtu anakisoma.